Picha Haijui Kama Ulipata Baridi

Mwenyekiti, ndugu zangu wapiga picha, nanyi mlioletwa hapa na wapiga picha bila hiari yenu, habari za jioni.

Nilipoalikwa niliambiwa nizungumze juu ya ujasiri: kuamka saa tisa usiku, kutoka nje wakati kila mwenye akili timamu amejifunika gubigubi, kisha kusimama darajani au juu ya paa ukingoje jiji lijitokeze. Nashukuru kwa sifa hizo. Lakini mtaniwia radhi, nitaanza kwa kuiharibu kidogo mada niliyopewa. Miaka yote hii ya kuhangaika na kamera penye baridi imenifunza jambo moja lisilopendeza, kwamba picha haijui kama ulipata baridi. Anayeitazama haoni vidole vyako vilivyokufa ganzi wala usingizi uliokosa. Anaona mwanga, maji na madirisha, basi.

Nina picha moja niliyoipenda kwa muda mrefu sana, na leo nimekuja nayo. Niliipiga darajani, asubuhi yenye baridi kuliko zote nilizowahi kukaa nje. Nilifika saa kumi alfajiri. Mto ulikuwa unafuka mvuke kama maji ya kuogea, na reli ya daraja ilikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Skrubu ya tripodi yangu, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ni ndogo, glavu haziishiki, kwa hiyo nikavua. Alumini ile ikanyonya joto la mkono wangu mpaka nikahisi nimeshika kaa la moto. Nikafungua shata, kile kilango cha kamera kinachoruhusu mwanga uingie, kwa sekunde 25. Lori likapita nyuma yangu, daraja likanong'ona chini ya nyayo. Nikajiambia si kitu.

Picha ile niliichapisha kubwa, nikaitundika ukutani. Kila mgeni aliyekuja nilimpa hadithi yake kabla hajakaa vizuri: baridi ilivyokuwa, mikono ilivyoungua, nilivyokuwa peke yangu. Wageni wana adabu, walitikisa vichwa, wakasema "Pole, lakini imetoka." Mpaka siku moja akaja binti mdogo wa jirani. Yeye hakuingoja hadithi. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akauliza, "Mjomba, mbona hizi taa ziko mbilimbili?"

Nikasogea na mimi. Kila taa ya ng'ambo ya mto ilikuwa na pacha wake. Lori lilitikisa daraja, daraja likatikisa kamera, na mimi kwa miezi mingi nilikuwa nikitazama mateso yangu badala ya kutazama picha.

Sasa mtaniuliza, kama baridi haionekani, tunatoka nje kufanya nini? Tunatoka kwa sababu vitu tunavyovitaka vinaishi huko. Ubaridi mkavu unaokuja baada ya mvua na upepo kupita husafisha hewa. Ule utando wa kijivu unaolifanya jengo la mbali lionekane kama limechorwa kwa penseli iliyofutika huondoka, na unaona ukingo wa kila ghorofa. Mvuke unaotoka kwenye mapaa, ambao siku ya joto hauonekani kabisa, hugeuka kuwa nguzo nyeupe. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake, na alfajiri ukungu hulala chini huku minara ikichomoza juu yake. Hata sensa ya kamera yenyewe, yaani kile kidude cha ndani kinachonasa mwanga, hupenda baridi. Joto ndilo linalozaa sehemu kubwa ya zile chembechembe za rangi zinazochafua picha inayopigwa kwa muda mrefu, kwa hiyo sekunde 30 za usiku wa baridi hutoka safi kuliko sekunde 30 za usiku wa joto. Tunachokiita mateso ni sehemu ya vifaa.

Na saa mbovu, hizi za usiku na alfajiri, je? Hapo wengi hukosea. Wanadhani jiji la usiku hupigwa usiku wa manane. Usiku wa manane anga ni jeusi tititi na taa ni kali, na katikati yake hakuna kitu. Majengo yanageuka matundu ya taa yanayoelea gizani. Unachokitaka ni muda mfupi ambapo mwanga wa anga na mwanga wa taa vinalingana nguvu, hakuna kinachommeza mwenzake. Hutokea jua likiwa kama nyuzi 4 hadi 8 chini ya upeo wa macho, kabla halijachomoza au baada ya kuzama. Bluu ile nzito mnayoipenda ina sababu yake pia. Mwanga wa jua lililo chini ya upeo hupita kimshazari kwenye tabaka la ozoni, safari ndefu, na ozoni humeza sehemu kubwa ya rangi ya chungwa na manjano njiani. Kinachotufikia ni bluu.

Sasa hesabu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Karibu na ikweta jua hushuka wima kama jiwe kisimani, hivyo muda wote wa bluu ni dakika 16 au 17, umekwisha. Ukienda mbali na ikweta jua huzama kwa mshazari, na muda hurefuka. London mwezi wa Desemba, tangu jua lizame hadi lifike nyuzi 6 chini hupita dakika 40 hivi. Na tazameni jambo ambalo wachukia baridi hawalioni: huko huko London, mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na ukiitaka bluu yake uwe umeshasimama mahali pako kabla ya saa kumi. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi. Anayependa usingizi na aipende baridi. Havipatikani vyote.

Kuna mtu mmoja ningependa mumfahamu, kwa sababu yeye ndiye aliyenitoa ujinga wa kuabudu ujasiri. Berenice Abbott, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitaka kuipiga New York usiku kutoka juu, madirisha yote yakiwaka. Kamera yake ilikuwa ya kizamani, kubwa, na kwa filamu za wakati ule alihitaji kuacha shata wazi kwa dakika 15. Hapo ndipo penye kitendawili. Madirisha ya ofisi yalizimwa watu walipotoka kazini saa kumi na moja jioni. Siku nyingi za mwaka, saa kumi na moja giza bado halijaingia. Giza likiingia, madirisha yamezimwa. Akakaa na kalenda, akapata kwamba vitu hivyo viwili hukutana siku chache tu, karibu na siku fupi kuliko zote mwezi wa Desemba, kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja. Nusu saa kwa mwaka mzima, unaweza kusema. Na nafasi ya kurudia haikuwepo.

Akapanda jengo la Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931. Hakwenda juu kabisa kwenye upepo. Alisimama ndani, dirishani, kwa sababu alijua upepo ungeitikisa kamera. Picha ya usiku wa baridi inayojulikana kuliko nyingi duniani ilipigwa na mtu aliyekuwa ndani ya jengo. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, nikawaza lori langu na daraja langu.

Msije mkasema nadharau kusimama nje. Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Kimarekani, Februari 1893 alisimama kama saa tatu nzima katika dhoruba ya theluji kwenye barabara ya Fifth Avenue, New York, kamera ya mkononi mikononi, akingoja gari la farasi lije mahali alipotaka lije. Lakini watu wakimsimulia huishia hapo kwenye theluji. Hawasemi kwamba baadaye, alipoichapisha picha ile, alikata akatupa sehemu kubwa ya pembeni, akabaki na gari, farasi na njia. Alisimama saa tatu halafu akawa na moyo wa kukata. Mimi nilisimama saa mbili na sikukata hata ukingo, maana kila sentimita niliiona kama mshahara wangu.

Kwa hiyo nina desturi sasa. Picha ya alfajiri ya baridi siichagui siku ile ile. Naiweka kando mpaka vidole visahau. Wiki mbili hunitosha, tatu ni bora. Nikiifungua kama ya mtu mwingine, ndipo najua.

Vifaa nitavipitia haraka maana hapa kila mtu ana maoni yake. Isipokuwa mambo mawili, na hayo msiyakimbie. La kwanza ni betri. Betri ya lithiamu haifi kwa baridi, inazubaa. Kemikali zilizomo ndani hufanya kazi polepole, kamera inadhani imekwisha na kujizima. Itie mfuko wa ndani, karibu na kifua, na baada ya dakika chache itakuwa na uhai tena. Mimi hutembea na tatu, moja kazini na mbili kifuani, nazizungusha. Niliwahi kumwona mwenzetu akilaani betri mpya, akaitupa kwenye begi, na mchana ikawaka kama kawaida. Alibaki kuiangalia kama aliyesalitiwa na rafiki.

La pili ni unyevu, na huu umenitesa zaidi. Wengi wetu tunailinda kamera tukiwa nje, kumbe hatari iko mlangoni wakati wa kurudi. Nilitoka kwenye jalidi nikaingia ukumbi wenye joto na watu wengi, nikaichomoa kamera ili niwaonyeshe wenzangu nilichokipata. Lenzi ikapauka mbele ya macho yao kama kifuniko cha sufuria. Hewa ya joto hubeba mvuke, na mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji, nje ya lenzi na ndani pia. Nilisubiri siku mbili ikauke, na ukungu mwembamba kwenye kona moja haukutoka tena. Dawa yake ni mfuko wa plastiki tu. Kabla hujaingia ndani, ukiwa bado kwenye baridi, toa kadi ya kumbukumbu, kisha itie kamera mfukoni na ufunge vizuri. Maji yatatua juu ya plastiki. Uiache mpaka ipate joto la chumba, saa moja, pengine mbili. Na kadi mliyoitoa ndiyo itakayowapa kazi wakati mnangoja, la sivyo mtaufungua mfuko mapema. Nawajua.

Penye theluji, msikiamini kipimo cha kamera. Kamera hudhani dunia nzima ina rangi ya kijivu cha wastani, ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi na kuupunguza, na theluji inatoka kama majivu. Ongezeni mwanga hatua moja, yaani maradufu, wakati mwingine karibu hatua mbili. Ukitaka taa za barabarani zitoke kama nyota, fanya tundu la lenzi liwe dogo, ila usilizibe kupita kiasi maana picha nzima hupoteza uwazi. Tumia kuchelewesha shata kwa sekunde mbili ili kidole chako kisiwe lori la pili. Pumzi itoe pembeni, kwa sababu ikigusa kioo cha kamera inaganda hapo hapo.

Na miguu. Watu huvaa koti la maana na kofia, wakasahau kwamba kazi yetu ni kusimama, na anayesimama hapati joto kama anayetembea. Baridi inapanda kutoka chini. Mimi hubeba kipande cha boksi nakanyaga juu yake. Ni kitu cha kuchekesha kukibeba, na hakuna nilichonunua kilichonisaidia kuliko hicho. Nguo ya ndani isiwe ya pamba. Pamba hushika jasho ulilopata kwenye ngazi na jasho hilo litakugeuka ukishasimama. Ukiona ncha ya kidole imepauka na huisikii tena, picha imekwisha siku hiyo. Usiisugue, ingia ndani ipate joto taratibu. Juu ya mapaa yenye barafu sina la kusema zaidi ya kwamba msiende peke yenu, na msiende bila ruhusa.

Nimebakiza jambo moja na ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo, ila sikujua nilianzie wapi.

Saa zile mbovu si mbovu kwa kila mtu. Sisi tunaziita hivyo kwa kuwa ni wageni. Kuna alfajiri nilikuwa gatini, ng'ambo ya majengo marefu, nimekanyaga boksi langu, na mlinzi wa maghala ya pale akanijia na tochi. Nilidhani ananifukuza.

"Kijana, unapiga nini na giza lote hili?"

"Napiga jiji, mzee."

Akageuka akatazama ng'ambo, kama mtu anayehakikisha lipo. "Subiri kwanza," akasema. "Lile refu pale, wafagizi wake huanza ghorofa za juu wakashuka. Wakifika katikati ndipo mbingu inaanza kupauka. Sasa hivi utapata weusi tu."

Nilikuwa na programu ya simu inayoonyesha jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo. Nilikuwa na jedwali la macheo. Nikanyamaza, nikasubiri. Madirisha ya juu yakawaka, yakazimwa, ya chini yake yakawaka. Mwanga ukashuka jengo lile ghorofa kwa ghorofa, na ulipofika katikati, bluu ikaingia nyuma yake kama alivyosema. Mzee yule alikuwa na saa bora kuliko zangu zote, na saa yake ilikuwa ni watu wengine walio kazini. Hata madirisha ya Abbott, ukiyatazama hivyo, ni watu wasioruhusiwa kutoka bado.

Nikapiga. Sekunde 30. Nikamwonyesha kwenye kioo. Akaitazama kwa muda, akasema, "Nzuri. Mimi niko wapi?"

Nikakumbuka kwamba shata ilipokuwa wazi alikuwa akitembea mbele yangu, huku na huku, akipiga miguu chini ili ipate joto. Hayumo hata kivuli. Ni jambo la tangu mwanzo wa kazi yetu. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, barabara yenye pilikapilika, na katika picha imetoka tupu, kwa sababu kila kilichotembea hakikukaa muda wa kutosha kuacha alama. Amebaki mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu, na karibu yake sura ya yule anayempigia. Sisi tunasifiwa kwa picha za jiji tupu la alfajiri. Jiji lile halikuwa tupu. Tuliwafuta.

"Ulikuwa unatembea, mzee," nikamwambia. "Kamera haikukushika."

"Miaka kumi na moja nalinda hapa," akasema, wala hakuwa na hasira. "Haikunishika."

Nikamwomba asimame ukingoni, asitikisike, nihesabu mpaka kumi na tano. Akasimama kama yuko gwaridini, tochi imeelekea chini, kidevu juu. Nilihesabu kwa sauti ili asichoke. Kufikia hapo anga lilishakuwa jeupe kupita kiasi, upeo umelala upande, na mguu mmoja wa tripodi ulikuwa umeteleza kidogo. Ukiwapa majaji wa mashindano wataitoa raundi ya kwanza. Nimeiweka ya mwisho kwenye zile nitakazowaonyesha, na huyo mzee yumo, ametoka wazi kuliko majengo, isipokuwa uso, maana alikuwa anapumua.

Naomba taa zizimwe. Tunaanza na ile ya darajani. Sogeeni mbele, muwahesabu hao pacha wenyewe.